Sahani Iliyorudi Imefunikwa

Aliyeharibu mambo ni Anselme, na tuseme hivyo mapema ili asije akasingiziwa mtu mwingine. Mkewe Perpétue aliamka alfajiri, akafagia uwanja wote, akaazima viti kwa jirani, akafunika kwa turubai magunia ya chumvi na mabunda ya samaki wakavu ili wageni wasione kwamba sebule yao ni nusu depo. Kwa mumewe alikuwa na onyo moja tu, nalo alilirudia mpaka likamchosha mwenyewe: leo usiongee sana. Anselme aliitikia vizuri kabisa. Wageni wakafika, akaongea.

Wageni walitoka mtaa wa Makomeno, hapa hapa Lubumbashi. Aliyetangulia alikuwa Mzee Mwenya, shibukombe wa upande wa mume, yaani mshenga wao, mtu wa koti la rangi ya udongo na sauti ya kuongoza kwaya. Nyuma yake alikuja Mama Honorine, mjane, mama wa Ariel, kijana fundi umeme aliyemtaka Olive, binti wa nyumba hii. Shangazi wawili walifunga msafara. Ariel mwenyewe hakuja, kwa kuwa kwao kijana hajileti. Na Olive alikuwa chumbani na kitenge kipya, nyuma ya pazia, ametega masikio yote mawili.

Mwenya alipiga magoti akasukuma mbele sahani mbili ndogo nyeupe, moja imefunika nyingine. Kilichokuwa katikati hakikuwa siri kwa mtu yeyote wa mji huu: pesa kidogo na ushanga, salamu ya kwanza ya Wabemba wanapoomba binti. Ukifunua, umekubali mazungumzo.

"Papa Anselme, Mama Perpétue," alianza Mwenya, "sisi tuko bantu ya hapa hapa. Tulikuwa tunapita mu avenue, tukaona mu lupango yenu kuko ua moja muzuri. Tumekuya kuuliza: iko na mwenyewe?"

"Iko na mwenyewe," alijibu Anselme, na mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri. Kisha akajiweka sawa kitini, na Perpétue akaanza kumkonyeza. "Lakini mwenyewe haiko hapa, papa. Mimi ni Paluku, muzaliwa ya kwanza. Kwetu, mutoto mwanamuke anatoka tu kama mbuzi zimeisha kuingia mu lupango ya baba. Ile lupango iko kule, juu ya mulima, upande wa Lubero, mu Kivu. Vita ikiisha tutaenda sisi wote. Mutaona baridi ya kweli, mutakula viazi ya kweli. Mbuzi zitaingia, na Olive atatoka."

Akaziinua zile sahani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akamrudishia Mwenya zikiwa zimefunikwa vilevile.

Kwa akili yake alikuwa ametoa heshima ya hali ya juu. Mzee wa kwao hashiki mali ya binti kabla mbuzi hawajakanyaga lupango, uwanja wa baba. Kushika mapema ni ulafi. Lakini Perpétue aliuza samaki soko la mtaa wao wa Kenya miaka yote hiyo katikati ya wanawake wa Kibemba, na alijua sahani inayorudi haijafunuliwa inasema nini. Inasema mtoto wenu hatumtaki, mchukueni mwende naye.

Mwenya alikohoa. "Bon," alisema, "tumesikia." Sauti ya kwaya ilikuwa imekwisha. Mama Honorine alizipokea sahani, akazifunga kwenye kitambaa, akazitia mkobani na kusimama. Chupa za soda zilikuwa bado kwenye sinia, hata moja haijafunguliwa.

"Mama Honorine, munywe hata mayi," Perpétue alisihi.

"Tumeshiba, mama," alijibu Honorine, ambaye hakuwa ameonja kitu.

Barabarani majirani walikuwa wamekaa tayari kusikia vigelegele. Mtaa wa Kenya unajua vizuri ziara ya namna hiyo inachukua muda gani, na walipowaona wageni wanatoka upesi hivyo, wakijikung'uta nguo kama watu waliokalia majivu, hapakuwa na haja ya kuuliza. Perpétue aliwasindikiza mpaka kwenye teksi akitabasamu kwa meno, na teksi ilipoondoka akabaki amesimama pale na tabasamu lake, bila kujua aliweke wapi.

*

"Papa, umenikatalia," alisema Olive. Alikuwa ametoka nyuma ya pazia, kitenge kimelegea.

"Nimekatala nini?" Anselme alishangaa kweli, maskini. "Mimi nimewaalika kwetu! Kuko heshima gani inapita ile?"

Perpétue alimweleza habari ya sahani. Alieleza polepole, kisha kwa haraka, kisha kwa kupiga mikono. Anselme alisikiliza mdomo wazi.

"Sasa si wangesema?"

"Walisema na sahani!"

"Mimi siko mutu ya sahani. Mimi niko mutu ya mbuzi."

"Basi tuma mutu kwa Mwenya leo leo. Mwambie ulikosa, mbuzi zikuye hapa."

Hapo Anselme akagoma. Aligoma kwa utulivu, na mgomo wa namna hiyo ndio mbaya zaidi. Alisema mbuzi za bintiye hazitakanyaga uwanja wa kupanga. Alisema hapa walikuwa njiani tu, na mtu hafungi mbuzi za mahari njiani.

Neno hilo, njiani, ndilo lililotawala nyumba ile. Kabati zuri la mninga lilikuwa bado limevaa plastiki yake ya dukani, kwa sababu walikuwa njiani. Bati la baraza lilivuja mahali palepale kila masika, na Perpétue aliweka beseni palepale, kwa sababu nani anatengeneza paa la njiani? Faida ya chumvi, sabuni na samaki ilipanda mlimani miaka nenda miaka rudi: mabati, saruji, vioo vya madirisha, vigae vya sebuleni. Kule Anselme alikuwa na nyumba ya vyumba sita ambayo hajawahi kulala ndani yake hata usiku mmoja. Picha yake ilikaa kwenye simu, na kila mteja wa jumla aliyekuja kuchukua katoni za sabuni alionyeshwa.

Perpétue alikuwa na dini yake nyingine. Yeye alisema kwetu ni hapa. Alisema sokoni, alisema kanisani, alimwambia mumewe usoni mbele ya wateja, tena kwa kicheko: "Muache uyu na mulima yake. Kwetu ni pale samaki yangu inauzika." Alijifunza kuamkia kwa Kibemba. Alijua barabara ya Kasomeno, samaki wanakotoka, kama anavyojua jiko lake, na wavuvi waliomletea mizigo walimwita dada. Watu walimpenda kwa hilo, naye alijipenda kwa hilo pia, kusema kweli.

Wiki haikuisha. Olive alikuja sokoni na simu mkononi, akamwambia mama yake kwamba Ariel anapokea lakini haongei. "Anasema tu 'Mama amesema tungoje.' Na jana mama yake alikuwa ku kanisa, amekaa pembeni ya musichana ingine, Syntiche, na mama ya Syntiche. Benyewe banachekelea."

"Kukaa pembeni si kuoa."

"Maman. Syntiche banamununulia viatu."

Perpétue alifunga biashara mapema siku hiyo. Viatu ni jambo zito. Mama wa mwanamume akianza kumnunulia msichana viatu, kilichobaki ni kuchagua siku.

*

Asubuhi yake, Anselme akiwa anakunywa chai, Perpétue aliweka simu mezani kati ya mkate na sukari, akabonyeza sauti kubwa. Alikuwa amempigia Kambale, mdogo wake Anselme, aliyeachwa kule kuangalia nyumba. Nia yake ilikuwa ya hila na hakuificha: Kambale aseme kwa mdomo wake kwamba mbuzi haziwezi kufika, ili mzee anyamaze.

"Shemeki! Kule kuko namna gani?"

"Tuko tu, mama. Mungu anatulinda."

"Mbuzi zikifika lupango, utazipokea?"

"Lupango gani, mama?" aliuliza Kambale. "Mimi siko kule. Mimi niko Butembo, ninapanga chumba. Si yaya Anselme anajua? Nilimwambia tangu masika ile ingine."

Perpétue alimtazama mumewe. Anselme alikuwa anakoroga chai ambayo ilikwisha kukorogwa.

"Na nyumba? Nani iko mu nyumba?"

"Batu ya kukimbia vita. Bamejaa mpaka barza. Banatoka mbali kuliko sisi, iko na batoto, fasi ya kwenda hawana. Milango mbili walishapasua kuni. Mimi sikuweza kubafukuza, mama. Yaya alisema nisibafukuze."

Simu ilipozimwa, hakuna aliyegusa mkate. Perpétue alikuwa amejiandaa kushinda, na sasa ushindi ulikuwa umelala pale mezani na hakujua la kuufanyia.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Na kila siku unaonyesha batu picha!"

"Sikukuficha. Sikukuwa na mudomo ya kusema." Anselme alikisukuma kikombe mbali. "Perpétue, sikiliza. Nikipokea mbuzi hapa, ni sawa na kusema kule kumeisha. Na mimi ni muzaliwa ya kwanza. Kama Paluku amesema kumeisha, nani atabaki wa kusema bado?"

Alilisema bila kulia, akiangalia mlango. Perpétue alimwonea huruma, huruma ya kweli. Lakini alikuwa na binti mmoja tu, na viatu vilikwisha kununuliwa.

"Basi baki na mulima yako," alisema, akachukua kitenge chake. "Mimi ninaenda Makomeno."

*

Mama wa binti haendi nyumbani kwa mama wa mume wakati mambo hayajakaa sawa. Hilo ni kosa kwa Wabemba, ni kosa kwa Wanande wa kwao, na hata watu wasio na kabila wangeliona ni kosa. Perpétue alipanda pikipiki akiwa amepakata fungu la samaki wa Kasomeno, wale wanene aliokuwa amewawekea wateja wa hoteli, akaenda kulitenda kosa hilo mchana kweupe.

Honorine alikuwa barazani anachambua mboga. Hakuinuka. Kiti cha plastiki kilikuwa pale pembeni yake, na hakukisogeza.

"Nimekuya na samaki kidogo, mama."

"Samaki tuko nayo."

Fungu likabaki kwenye ngazi, juani, nzi wakaanza kulitembelea. Mwanamke wa nyumba ya pili alisimamisha ufagio wake atazame vizuri. Perpétue, ambaye madereva wa malori humwita boss, alikunja kitenge chake akapiga magoti juu ya saruji, akapiga makofi taratibu kama wanawake wa pale wanavyosalimu wakubwa, na akabaki hivyo. Magoti yake hayakuwa ya msichana. Honorine alichambua majani mengine machache, akayaweka bakulini.

"Mama, mutaniumiza roho," alisema hatimaye. "Ikala."

Perpétue alikaa, akaeleza. Alisema mumewe hakukataa, kwamba kwao sahani haina maana ile, kwamba alidhani anatoa heshima. Honorine alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia ya sahani," alisema. "Ginsi unaeleza, inaweza kuwa kweli. Lakini mimi haikuniuma sahani tu. Iliniuma ile maneno ya vita ikiisha. Nyinyi bantu ya Kivu, tunauza na nyinyi, tunaimba na nyinyi, batoto yetu banacheza pamoja. Na siku mutoto yangu anaomba muke, munatuambia, ngojeni, sisi bado hatuyafika. Kwa macho yenu Lubumbashi ni gare, fasi ya kungojea treni. Na sisi ni nani? Bantu ya kuuza mandazi ku gare?"

Perpétue alikuwa na majibu mengi kila siku. Sokoni hakuna aliyemweza. Hili lilimpata kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu ndilo aliloliambia mumewe miaka yote kwa maneno mengine.

"Mama Honorine, muntu haachake kitu yake ya muzuri ku gare. Sisi kitu yetu ya muzuri ni Olive, na tunataka kuiacha kwenu."

Honorine aliguna. Halikuwa guno la hasira. "Unajua kuongea. Lakini si wewe ulifunika sahani, hauwezi kuifunua. Akuye yeye. Aende kwa Mwenya, alete amende yake, faini ya kuku mweupe, na aibebe yeye mwenyewe, asitume muntu. Aseme kwa kinywa yake binti anatoka wapi. Hata kama ni nyumba ya kupanga, tutaingia, hata mimi nilipangaka. Lakini asituambie tena tungoje vita. Vita haiko na calendrier."

"Na viatu ya Syntiche?"

Honorine alimkazia macho, kisha akacheka kwa mara ya kwanza, cheko fupi la puani. "Kumbe na nyinyi munapelelezaka! Viatu haikumutosha." Akamwita mtu ndani alete maji, na mwenyewe akainuka kuwaondoa samaki juani.

*

Anselme aliupokea ujumbe bila kusema ndiyo wala hapana. Kuku mweupe kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mtaa mzima! Alisema atafikiri. Kwa Anselme kufikiri kulikuwa jina jingine la kukaa kimya mpaka jambo lipite, na Perpétue alikwisha kuanza kuandaa maneno ya kumwasha. Hakuyatumia, maana Olive alimtangulia.

Ilikuwa jioni, baba na binti wakipanga katoni za sabuni depo, Perpétue akiwa upande wa pili wa ukuta anaosha masufuria.

"Papa," alisema Olive, "nimefikiri. Nitangoja."

"Utangoja nini?"

"Vita iishe. Kama mbuzi inafaa ziingie kule, nitangoja. Ariel akichoka, achoke. Sitaki ukuwe na haya mbele ya batu ya kwenu juu yangu."

Aliyasema kwa upole, bila kisirani, na akaendelea kupokea katoni. Perpétue alisimama na sufuria ikichuruzika maji miguuni. Angemsikia binti yake akipiga kelele, angejua la kufanya. Upole ule ulimtisha. Akilini alimwona Olive akiwa na mvi, bado anapanga sabuni, bado amevaa plastiki yake kama lile kabati.

Anselme naye nadhani aliona kitu kama hicho. Upande ule wa ukuta katoni ziliacha kusogea. "Wewe ulikuya hapa ukiwa na meno ya maziwa," alisema kwa sauti ambayo mkewe hakuwa ameisikia. Kisha akasema, "Leta ingine," na kazi ikaendelea.

Jumapili baada ya misa mtaa wa Kenya ulipata sinema ya bure. Papa Paluku, mfanyabiashara wa jumla, mtu wa suti na saa ya dhahabu, alipita nyuma ya pikipiki amekumbatia kuku mweupe, na kuku alikuwa na maoni yake. Manyoya yalibaki kwenye suti, na kitu kingine kikabaki pia.

"Papa, leo unauza kuku?" vijana wa karakana walimpigia kelele.

"Ninanunua mukwe!" alijibu Anselme bila kugeuka, na kicheko kikamfuata mpaka kona.

Alirudi mchana, hana kuku, hana maelezo. Mkononi alikuwa na zile sahani mbili. Aliziweka mezani, moja huku, nyingine kule, zote wazi.

*

Siku ya mahari mbuzi walikuja kwa pikapu, wakilalamika njia nzima. Anselme alipiga vigingi mwenyewe, kofia imeinama upande, kwenye uwanja uleule wa kupanga. Mwenye nyumba alialikwa, akapewa kiti cha mbele na chupa mbili, hivyo hakuwa na neno. Perpétue alikuwa ametoa plastiki kwenye kabati bila kumwuliza mtu. Wanawake wa pande zote mbili walijaa jikoni, nyuma ya nyumba, wakibishana kuhusu chumvi.

Mwenya aliwatoa mbuzi mmoja mmoja, sauti ya kwaya imemrudia. Huyu wa shangazi. Huyu wa mjomba. Huyu wa mama aliyebeba mimba, na hapo vigelegele vikapanda mpaka Perpétue akaficha uso. Kila mbuzi Anselme alimgusa kichwani, akamfunga. Mwisho akaletwa beberu mkubwa wa hudhurungi, aliyechaguliwa na Honorine mwenyewe.

"Na hii," Mwenya akatangaza, "ni mbuzi ya baba!"

Anselme hakumgusa. "Hii sikamate," alisema.

Honorine aliushika mkoba wake. Nyuma ya pazia kitanda kililia mara moja. Perpétue aliyafumba macho, akajisemea: ameanza tena, Mungu wangu, ameanza tena.

"Musikasirike," alisema Anselme. Alivua kofia. "Sahani nilifunua, Mzee Mwenya iko shahidi. Binti ni wenu, anatoka hapa, mu hii lupango. Lakini ile mbuzi ya baba ni yangu, na mimi ninaomba kitu ingine mu fasi yake. Kwetu, muzaliwa ya kwanza banamuzika mu lupango ya baba yake. Lupango yangu leo iko na batu ya kukimbia. Iko na batoto. Sitabafukuza. Nilikuwa ninafikiri, mimi nikikufa, nitalala wapi? Muntu hawezi kulala njiani." Akawageukia wageni. "Basi ni nyinyi mutanizika. Hapa. Munitafutie fasi, na mulie kama munalilia muntu yenu. Ile tu. Mbuzi muikamate."

Katika ushenga wake wote Mwenya hakuwahi kuombwa kitu hicho. Alimgeukia Honorine. Wote walimgeukia Honorine.

Honorine akainuka, akaenda mpaka mbele ya Anselme, akaishika kamba ya beberu. "Papa Anselme," alisema, "fasi iko. Bwana yangu analala kule peke yake, na pembeni yake tuliacha fasi ya ndugu. Utalala pale. Alikuwa anapenda kuongea sana kama wewe. Mutasumbuana."

Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika mpaka barabarani. Watu walipiga makofi, shangazi wakaanza wimbo, Mwenya akamkumbatia Anselme mpaka kofia ikaanguka ikakanyagwa. Olive alitoka nyuma ya pazia kabla hajaitwa, na hakuna aliyemkemea. Na kila mtu alimtazama Perpétue kwa pongezi, kwa sababu kama kulikuwa na mshindi siku ile ni yeye. Miaka yote alisema kwetu ni hapa, na sasa hata mzee wake amesema.

Perpétue alicheka pamoja nao. Akasema anakwenda kuangalia bukari, ugali wa huku. Alizunguka nyumba, akawatuma wale wanawake wapeleke sahani mbele, akashika mwiko. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia jinsi ambavyo hakuwahi kulia tangu siku walipopanda lori kuondoka kule.

Alilia kwa sababu ndipo alipojua. Alikuwa amesema kwetu ni hapa kwa kinywa kipana namna ile kwa kuwa ndani ya nyumba kulikuwa na mtu anayesema hapana. Aliweza kubaki kwa moyo mkunjufu kwa kuwa Anselme alikuwa anarudi kwa niaba yao wote wawili, kila siku, na mabati yake na picha yake. Alimcheka, naye akaendelea kuutunza mlima, na mlima ulikuwa wake Perpétue pia. Sasa mzee ameuweka chini. Hakuna mtu tena katika nyumba hii atakayesema kule, isipokuwa yeye aseme.

Honorine alimkuta hapo. Hakuuliza kitu. Alimtoa mwiko mkononi, akainamia sufuria juu ya mbabula, jiko la makaa, akaikoroga bukari kwa nguvu za mtu aliyelisha misiba mingi, mpaka ikawa nzuri, kisha akatafuta kigoda akakaa karibu naye. Mbele ya nyumba ngoma zilikuwa zimeanza.

"Kuko namna gani, kule kwenu?" aliuliza.

Tangu wafike Lubumbashi hakuna aliyewahi kumwuliza. Wote walimwuliza Anselme. Perpétue alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Asubuhi kuko baridi," alisema. "Ukungu inafunika mpaka hauone nyumba ya jirani. Unasikia sauti yake tu, anakuamkia, na wewe unamuitikia bila kumuona." Akatafuta kumbukumbu nyingine, ikaja. "Mama yangu alikuwa anaweka viazi mu majivu, usiku, tuamke nayo..."

"Endelea," alisema Honorine, akafunika sufuria isipoe.